Shemeji anacheza zamu zetu sote

Shikamoo Mjomba,

Sisi ni marafiki sita, na kila Jumatano jioni tunakutana kwenye duka moja hapa Buruburu, Nairobi, kucheza michezo ya mezani. Mbele ya duka wanauza vitabu vya shule, kalamu na karatasi, na wanatoa nakala na kuchapisha. Nyuma kuna meza nne, chai na mandazi. Tulianza na Ludo na Scrabble kuukuu iliyopungukiwa vigae vya herufi. Baadaye shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akarudi kutoka Ujerumani alikokuwa akisoma, na begi zima la michezo ambayo hatukuwahi kuiona: Catan, Pandemic na mingine. Hapo Jumatano zikanoga kweli. Kuna mwenzetu mwalimu ambaye huacha rundo la mitihani bila kusahihisha ili asikose.

Shida ni huyo huyo shemeji. Michezo ni yake, kanuni anazijua yeye, na sanduku la Catan, ule mchezo wa kubadilishana mali kama kondoo, ngano na matofali ili ujenge vijiji na barabara, limeandikwa Kijerumani kitupu, kwa hiyo mtu akipata kadi humpa shemeji amsomee. Kwa kuwa tuko wengi tunaungana wawili wawili, naye huzunguka akishauri kila upande. “Usijenge hapo.” “Mpe kondoo, chukua matofali.” “Ngoja, ngoja, rudisha.” Mtu akishikilia lake na likamwendea vibaya, shemeji hutikisa kichwa na kueleza kwa kirefu ni wapi mambo yalipoharibika.

Pandemic ndiyo balaa. Ule ni mchezo ambao wote mko upande mmoja mkipambana na magonjwa yanayoenea duniani. Juzi nilikuwa nimeshaamua kwenda Khartoum kutibu. Hata sijainua mkono, akaichukua kete yangu akaitua Cairo, akasema, “Hapa ndipo unapohitajika, shemeji.” Tukashinda. Sikufurahi hata kidogo.

Rafiki yetu mmoja anayefanya kazi benki ameshaacha kuja. Nilipomuuliza aliniambia, “Nikitaka kuambiwa la kufanya, nitabaki ofisini, huko angalau nalipwa.” Mume wangu naye ananiambia ndugu yake ndivyo alivyo tangu utotoni, tumzoee. Sasa shemeji ameleta jipya: anataka kila mtu aweke shilingi mia mbili mezani, mshindi azoe zote, ati mchezo upate chumvi. Sote tunajua nani atakuwa anazoa.

Hata mwenye duka siku hizi amebadilika kidogo. Zamani alikuwa anakuja kukaa nasi, siku hizi anabaki mbele na vitabu vyake vya hesabu. Dada anayetuhudumia huanza kupanga viti juu ya meza nyingine sisi tukiwa bado katikati ya mchezo, na Jumatano moja tuliambiwa tokeni za stima zimeisha, tukamalizia kwa tochi za simu. Tunakaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku na kila mtu hununua chai yake, shilingi sitini, kwa hiyo sidhani tumemkosea. Lakini hilo ni dogo.

Swali langu ni hili: nimkabili shemeji, au nijitoe kimyakimya kama yule wa benki? Nikimkabili, nitamwangaliaje Krismasi tukienda kwa wazazi wao?

Mchezaji wa Jumatano,
Buruburu


Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote nikakwama pale ulipoandika “lakini hilo ni dogo”. Tutafika hapo. Tumalizane kwanza na shemeji, maana ndiye aliyekukosesha usingizi.

Unasema mkipata kadi mnampa awasomee. Mpwa wangu, kadi za maendeleo za Catan ni za siri! Mchezaji huificha kadi yake mpaka siku ya kuitumia. Sasa mtu mmoja anajua siri za meza nzima, halafu mnalalamika kwamba anawaongoza? Hata mimi ningewaongoza, na kwa Kijerumani najua kusema asante tu. Hilo mnaweza kulimaliza jioni moja. Kanuni za Catan kwa Kiingereza zinapatikana bure mtandaoni. Zipakueni, mzichapishe hapo hapo dukani, kila mtu awe na nakala yake. Kadi zote ni 25. Ukiondoa tano ambazo kazi yake ni kukupa pointi moja moja, zinabaki za aina nne: mpiganaji anayemhamisha jambazi (kete inayozuia mtu kupata mali), ya kujenga barabara mbili bila kulipa, ya kuchukua mali mbili uzitakazo benki, na ile chungu ya kuwanyang'anya wenzako wote aina moja ya mali. Chukua kipande cha manila, eleza maana ya kila picha, kiweke katikati ya meza. Hakuna tena atakayemwonyesha shemeji kadi zake.

Kisha hesabuni watu. Tangu Klaus Teuber alipoutoa Ujerumani mwaka 1995, sanduku la kawaida la Catan ni la watu watatu au wanne. Watu watano au sita wanahitaji sanduku la nyongeza. Nyinyi mkaungana wawili wawili, na huko kuungana kukamfungulia shemeji mlango. Watu wawili wanaojadiliana kwa sauti zamu moja ni kama wanaomba mtu wa tatu aamue, naye hakuwa na haja ya kualikwa mara mbili. Nawajua watu wa aina hii tangu enzi za drafti ya vizibo vya soda pale stejini: anayecheza amenyamaza, anayetazama anapiga kelele, na aliyeshindwa anagombana na mtazamaji. Gawanyikeni meza mbili za watu watatu watatu. Shemeji hawezi kukaa kwenye meza mbili.

Pandemic iacheni kabatini kwa muda. Si kwamba ni mchezo mbaya, mimi naupenda. Lakini Matt Leacock alivyoutunga (ulitoka mwaka 2008), karibu kila kitu kiko wazi mezani na lengo ni moja kwa wote, kwa hiyo mwepesi wa hesabu anaona hatua yake, yako na ya jirani yako. Lalamiko lako nimelisikia kwa watu wengi wanaoucheza ambao hawajawahi kumwona shemeji yako. Tena mchezo wenyewe ni wa watu wawili hadi wanne, kwa hiyo hapo pia mlikuwa mmebanana.

Badala yake tafuteni michezo ambayo kanuni zenyewe zinamfunga mtu mdomo. Upo unaoitwa The Mind, wa Wolfgang Warsch, uliotoka 2018. Una kadi zenye nambari kuanzia 1 hadi 100. Kila mmoja anapewa kadi zake, na wote kwa pamoja mnatakiwa kuziweka mezani kuanzia ndogo hadi kubwa bila kusema neno, bila ishara, bila kukohoa kwa maana. Mnatazamana tu mpaka mmoja aone wakati wake umefika. Kabla ya kuununua, jaribuni kwa kadi mlizokata wenyewe, maana kinachohitajika ni nambari na subira. Nao ni wa watu wawili hadi wanne, kwa hiyo unafaa zile meza zenu mbili. Ningelipa nauli kumwona shemeji akicheza mchezo huo.

Mkitaka kucheza wote sita, chezeni Codenames, wa Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Cheki, uliotoka 2015. Maneno 25 yanapangwa mezani, safu tano kwa tano, na mnagawanyika timu mbili za watu watatu. Kiongozi wa timu hutaja neno moja na nambari moja, kisha lazima anyamaze kabisa huku wenzake wakikisia ni maneno yapi aliyoyalenga. Haruhusiwi hata kuguna. Mpeni shemeji ukiongozi huo, ataona jinsi watu wenye akili zao wanavyofika kwa njia ambayo yeye asingeipita. Na maneno andikeni yenu, ya Kiswahili, na ya Sheng mkitaka. Weka “mbuzi” pale mezani uone timu itakavyogawanyika kati ya nyama choma na kukuna nazi.

Lakini michezo peke yake haitatosha. Itabidi umwambie, na umwambie wewe. Usimtume mumeo. Neno likipita kwa ndugu linageuka kesi ya familia, na kufikia Krismasi mama mkwe atakuwa ameshalisikia kwa namna tatu tofauti. Usiliandike kwenye kundi la WhatsApp, wala usingoje mpaka akushike kete tena, maana wakati huo utasema kwa hasira na mbele za watu. Mpigie siku moja kabla. Mwambie, “Shemeji, kesho nataka nikosee mwenyewe. Nikikwama nitakuuliza, nisipokuuliza niache nianguke.” Mwambie kwa ule utani wa mashemeji kama upo kati yenu, na kama nyumbani kwenu kaka mkubwa wa mume huheshimiwa kama baba mkwe, basi mwambie kwa adabu, ila maneno yawe yale yale. Ongeza sharti moja tu, hakuna mkono unaogusa kete ya mwingine, na liwe la wote ili lisimhusu yeye pekee.

Nami sidhani ana nia mbaya. Amebeba masanduku yale kutoka Ulaya wakati wenzake wanabeba simu na viatu, akakaa chini akawafundisha. Anaipenda michezo kuliko anavyowatazama watu anaocheza nao, ndio udhaifu wake. Mtu wa namna hiyo akiambiwa waziwazi mara nyingi hushtuka, maana hakuna aliyewahi kumwambia. Mumeo anasema yuko hivyo tangu utotoni. Basi ni miaka yote hiyo watu wamekuwa wakimzoea badala ya kusema naye.

Sasa nirudi kwa lile ulilosema ni dogo.

Chai sita kwa shilingi sitini ni shilingi 360. Kwa hizo mnakaa muda wa saa nne, mnawasha taa, mnachukua nafasi nzuri ya nyuma, na sidhani kama wateja wengine wanapenda kuketi karibu na watu wanaopiga kelele kuhusu jambazi na ngano. Ukitoa majani, maziwa, sukari, gesi na ujira wa dada, sijui mama mwenye duka anabaki na nini. Alipokuja kukaa nanyi zamani alikuwa amewapokea kama wageni. Sasa ameshika vitabu vya hesabu, na nina hakika jibu analolipata humo si zuri. Tokeni zile huenda ziliisha kweli. Pia huenda alizitazama, akawatazama nyinyi, akaona haina haja ya kununua nyingine usiku ule.

Na dada anayepanga viti, je, umewahi kumuuliza anaishi wapi? Kama ni Kayole au Dandora, kila mnapoongeza “raundi moja tu” anahesabu matatu zinazopungua barabarani. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na akichelewa zaidi atatembea gizani kutoka stejini hadi mlangoni kwake. Vile viti vinavyopanda juu ya meza ndiyo lugha aliyobakiwa nayo mfanyakazi asiyeweza kumwambia mteja aondoke. Hilo linaniuma kuliko kete yako iliyopelekwa Cairo, nisamehe.

Kwa hiyo Jumatano ijayo fika mapema, wenzako hawajaja, mnunulie mama chai yeye mwenyewe kama atakubali, na umuulize waziwazi: “Mama, tunakulipa vya kutosha?” Usiulize kama tunasumbua, maana atasema hapana kwa heshima na mtaendelea kusumbua. Uliza habari ya pesa. Mpe njia ya kujibu kwa kutaja ada wewe wa kwanza. Hili si jambo geni. Kule Toronto, Kanada, mkahawa wa michezo uitwao Snakes & Lattes, uliofunguliwa mwaka 2010, ulitoza kila mtu ada ya kukaa mbali na alichokula, na watu walipanga foleni.

Nanyi ada mnayo tayari. Zile mia mbili ambazo shemeji alitaka ziwekwe mezani, zitumwe kwenye till ya duka kila mnapoketi, chai na mandazi yalipwe kando. Watu sita ni shilingi 1,200. Kwa kiasi hicho mama anaweza kununua tokeni na kumwongezea dada kitu cha nauli, na hilo la nauli msiliache hewani, litajeni. Asiyemudu mia mbili kila wiki aseme, mwenye nazo amlipie. Hayo ni mambo ya marafiki.

Kamari yenyewe ikataeni moja kwa moja, na msibembelezane. Sababu si kwamba shemeji atazoa. Sababu ni kwamba duka ni la mtu. Kuchezesha kamari bila leseni ni kosa nchini Kenya. Lilikuwa kosa chini ya sheria ya 1966, na ni kosa chini ya Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025. Mwenye jengo ndiye wa kwanza kuulizwa maswali. Askari akiingia akakuta dadu, noti na watu sita wameinamia meza, nani atamweleza habari za kondoo na matofali? Nyinyi mtatoka na aibu, mama atatoka na kesi na leseni ya biashara mashakani.

Muda nao uwekeeni kikomo. Saa tatu kasoro robo vitu vinarudi sandukuni, saa tatu kamili mko nje. Najua utaniambia Catan haishi haraka. Inachelewa kwa sababu kila zamu inajadiliwa kama muswada bungeni. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya Scrabble yalifanyika hapa hapa Nairobi, na kwenye mashindano ya namna hiyo mchezaji hupewa dakika 25 kwa mchezo mzima. Akizidisha, anakatwa pointi kumi kwa kila dakika. Wekeni simu katikati ya meza, dakika mbili kwa zamu. Shemeji akiwa na dakika mbili za kufikiria mambo yake hatakuwa na muda wa kufikiria yako. Na mkimaliza, vipanguseni viti na mvipange nyinyi wenyewe, dada achukue mkoba wake aende.

Kujitoa kimyakimya usifikirie kwanza. Ukiondoka wewe, mwalimu atafuata, halafu mumeo ataulizwa na kaka yake kwa nini mkewe hamtaki, na hilo ni gumu zaidi kuliko simu moja ya dakika tano. Kama umemwambia na bado anashika kete za watu baada ya Jumatano kadhaa, basi anzisheni meza yenu siku nyingine na Scrabble yenu iliyopungukiwa vigae. Vigae mnaweza kuvichonga kwa kadibodi.

Yule wa benki mpigie simu leo, usimwandikie. Mwambie kuna meza mbili sasa, na kwamba kila mtu anacheza zamu yake. Akiuliza shemeji atakaa meza gani, mwambie achague yeye kwanza.

Mjomba